Mara Tisa Korongoni

Chuo kikuu kilituletea kijana wa muziki mwaka wa sabini na tano, akiwa na begi moja, madaftari chungu nzima, na kidude cha chuma chenye ncha mbili kama uma wa kulia nyama. Alikuwa anakigonga gotini, anakiweka sikioni, anafumba macho. Nilidhani anaumwa sikio, nikamchukulia mafuta ya nyonyo.

"Shikamoo mama. Siumwi. Hiki kinanipa sauti ya la, ya kuanzia wimbo."

"Marahaba. Kama hakikupi chakula, pita jikoni."

Huyo ndiye Ernest, mtu wa Bukoba, aliyekuwa akila ugali wangu kama anameza kwinini. Mimi ni Kristina, mpishi wa shule ya wasichana pale Bigwa. Jina la shule sitalitaja kwa sababu ya yale maharage, mtayasikia mbele. Nimesoma hadi darasa la nne huko kwetu Mgeta, kwa hiyo ukikuta nimeandika vibaya, laumu darasa la tano, halikunisubiri.

Ernest alikuja kufanya mazoezi ya kufundisha, wiki tano. Jioni ya pili, tukikata kabichi, alinieleza shida yake. Mwaka uliotangulia alifanya mazoezi hayo Iringa, akaanguka. Mhadhiri wake alisema amewafundisha watoto nyimbo za Ulaya tupu wakati nchi inajenga ujamaa. Safari hii alitakiwa kuchukua wimbo kwa wananchi, auandike kwa do re mi, aufundishe darasani kwa dakika arobaini. Akianguka tena, anatolewa kwenye muziki na kupewa somo la siasa.

"Na siasa yenyewe siijui, mama."

"Hata wanaoifundisha," nikasema. "Lete daftari."

Nikampa wimbo wetu wa kupandisha mizigo. Kwetu Mgeta mboga hazina miguu. Wanawake tunazibeba kwa matenga kichwani, tunapanda kilima na kushuka kingine mpaka barabarani kwenye lori la Dar. Njia nyembamba, kushoto mlima, kulia korongo. Tunakwenda mstari mmoja tukiimba, na mkubwa wetu yuko nyuma kabisa ili wa mbele wasimkimbie. Mguu unapiga chini, wimbo unafuata mguu.

Akaandika, akagonga kiuma chake, akafuta, akaandika tena. Halafu akauliza, "Wimbo unakwisha wapi?"

"Unakwisha mkubwa akikaa."

"Hapana mama, nauliza baada ya vipimo vingapi." Vipimo ni vile vijumba anavyokatia wimbo kama mtu anayekata sabuni ya mche.

"Baba, mimi najuaje? Mkubwa akichoka, anakaa. Akikaa, wote kimya, wote wanatua. Siku nyingine anakaa upesi, siku nyingine ana hasira na mumewe, mnatembea mpaka mnamwona mwenye lori."

Akacheka. Akaandika: *vipimo thelathini na viwili, mwisho.* Akapiga mistari miwili chini, na mistari ile ilikuwa mirefu kuliko maelezo yangu yote.

Kesho yake nikasikia kutoka jikoni wasichana wa kidato cha pili wanaimba. Sauti nzuri. Mara, kwa! Wimbo ukakatika. Nikadondosha mwiko.

Nieleze, maana Ernest nilimweleza akaona namtania. Kwetu wimbo ule ukikatika na mkubwa hajakaa, wa mbele wanatupa mizigo na kuanza kulia, kwa sababu maana yake ni moja: huko nyuma mkubwa ameanguka korongoni. Na pale shuleni mkubwa wa wanawake wote nilikuwa mimi. Mkuu wa shule, Bi Mwanaidi, nilimzidi miaka sita.

Nikaenda mlangoni pa darasa na mwiko wangu. "Mwalimu, umeniangusha."

"Samahani mama, nimekukanyaga?"

Basi. Wiki tatu alinifanyia hivyo. Jioni anakuja jikoni, namfundisha, nampigia mguu, namwambia tazama mguu, acha karatasi. Anatazama karatasi. Asubuhi anakwenda darasani, ananitupa korongoni saa nne na nusu, mimi nasonga ugali wa watu mia mbili na arobaini. Nilihesabu kwa mkaa ukutani. Mara tisa. Mara ya tano nilimtumia salamu kwa Stella, kiranja wa darasa, mtoto wa Songea mwenye ulimi: "Mwambie mwalimu, marehemu anauliza kama atakula mchana." Ernest akajibu kwa adabu kwamba atakula.

Mtu kama huyo utamfanya nini? Ningekuwa mwalimu wake kwa mshahara ningemchapa. Lakini nilikuwa mwalimu wake bure, na mwalimu wa bure hana fimbo.

Siku mbili kabla ya mhadhiri kuja, Ernest alikuja jikoni bila daftari. Akakaa kwenye gunia la mkaa.

"Mama Kristina, nimewaimbisha leo, Stella akagoma. Amesema haimbi wimbo unaoua watu. Darasa zima likanyamaza."

"Ahaa."

"Nifanyeje?"

Nilitaka kumwambia aende kwa kile kiuma chake kimshauri. Nikamwonea huruma, alikuwa amekonda. Tukapanga. Nitaingia darasani na tenga langu kichwani, nitasimama nyuma ya mstari kama mkubwa. Wasichana wataimba wakizunguka. Dakika ya thelathini na tano Ernest atafuta ubao. Hiyo ndiyo ishara: mimi nitakaa, wimbo utakwisha, yeye atapata dakika tano za hitimisho. Hitimisho ni pale mwalimu anapouliza watoto wamejifunza nini, na fomu ya chuo ililipa alama ishirini nzima.

Siku ikafika. Nikateleka maharage asubuhi, nikamwachia Mwajuma, msaidizi wangu, nikamwambia aongeze maji kila mara. Nikajitwika tenga la kabichi, nikaingia.

Mhadhiri aliitwa Ndugu Patrick. Mtu mrefu, suti ya Chou En-lai iliyofungwa hadi shingoni, amekaa kwenye kiti pekee kilichokuwa nyuma, fomu iko gotini, na Bi Mwanaidi, aliyemlazimisha akikalie, kasimama karibu yake. Wimbo ukaanza. Mguu chini, sauti juu, wasichana thelathini na sita wanazunguka madawati, mimi nyuma yao. Vikapita vipimo thelathini na viwili na hakuna aliyekufa.

Tatizo lililokuja sikulitegemea. Ndugu Patrick alikuwa amelelewa vizuri. Alivumilia dakika tatu kumwona mama mtu mzima amesimama na mzigo kichwani na yeye amekaa, ya nne akashindwa. Akainuka, akanifuata na kiti chake.

"Shikamoo mama. Kaa, tafadhali."

"Marahaba baba. Sikai."

"Kaa tu mama, upumzike."

"Nikikaa nitawaharibia."

Hakuelewa. Akaniwekea kiti nyuma ya magoti. Nikasogea na mstari, akasogea na kiti. Tukazunguka darasa hivyo mara mbili, mhadhiri wa chuo kikuu na kiti, mimi na kabichi. Bi Mwanaidi ananikodolea macho: kaa, unamwaibisha mgeni. Stella anaimba huku machozi ya kicheko yanamtoka. Mwishowe Ndugu Patrick akaweka kiti chini, na kwa kuwa hakuweza kukikalia mbele yangu, akabaki wima, fomu ameiegemeza ukutani.

Dakika ya thelathini na tano ikafika, nikamtazama Ernest. Hakuwa ubaoni. Alikuwa kwenye mstari, katikati ya wasichana, hana karatasi, hana kiuma, anatazama miguu. Anapiga mguu chini na sauti inafuata. Wiki tatu namwomba kitu hicho, akangoja siku hiyo, dakika hiyo, akanipa.

Nikamkonyeza. Hakuona. Nikakohoa. Nikakipiga kiti teke kidogo. Wapi.

Ningeweza kukaa. Nasema kweli, ningeweza kukaa bila ishara. Nikafikiri, nimwache azunguke mara moja tu, ameukuta mguu. Halafu mara moja nyingine. Kengele ikalia, wasichana wakatoka bado wanauimba chinichini. Ndugu Patrick akaandika kitu kwenye fomu, akafunika kalamu, akatoka na Bi Mwanaidi kwenda kunywa chai. Na harufu ikaanza kutoka jikoni, maana Mwajuma alikuwa dirishani pa darasa muda wote, anacheza.

Ernest akanikuta nimesimama mbele ya sufuria iliyoungua. Fomu ilikuwa mkononi mwake ili aweke sahihi.

"Hitimisho, sifuri," akasema. "*Halikuonekana.* Jumla arobaini na nne. Kufaulu ni hamsini."

"Nisamehe, baba. Nilikuwa nikae."

"Ishara nilisahau mimi." Akaketi kwenye gunia lile lile. "Nilikuwa nauelewa, mama. Ndiyo kwanza nilikuwa nauelewa."

Hasira iliyonipanda sikujua niielekeze wapi. Kwake, kwangu, kwa Mwajuma, kwa hizo alama zinazolipa maneno ya mwisho na kuusahau mguu. Miguu yenyewe ilikuwa inaniuma. Nikavuta kigoda. Nikiwa nimeinama kukikalia, nikaganda.

"Ernest, mimi nimekaa?"

"Bado, mama."

"Basi wimbo umekwisha?"

Akaniangalia. Alikuwa mzito lakini hakuwa mjinga. Nikakisukuma kigoda chini ya meza kwa mguu, nikamtuma Mwajuma kwa Stella na neno moja: sijakaa.

Kutua mzigo sheria yetu haikatazi, kwa hiyo tenga nililishusha. Kukaa ndiko nilikokataa. Nikasonga ugali nimesimama, kama siku zote. Nikapakua maharage yaliyoungua nimesimama. Saa saba wasichana wakaingia bwaloni, na walipoyaonja hawakulalamika. Stella akaanza kupiga kijiko kwenye sahani, taratibu, mguu uko chini ya meza. Meza yao ikafuata. Kisha meza za kidato cha tatu, ambao hata wimbo hawakuufundishwa. Bwalo zima likawa linapanda mlima.

Bi Mwanaidi akaja mbio, nyuma yake Ndugu Patrick na kitambaa cha mezani bado kimemkaa shingoni.

"Kristina, ni mgomo wa chakula?"

"Hapana, mkuu. Ni somo la muziki la saa nne na nusu. Halijaisha."

"Waambie wanyamaze."

"Siwezi. Mimi sipigi kelele, nimesimama tu."

Nikamgeukia mgeni. "Mwanangu, asubuhi ulitoka njiani. Kwetu mtu akiuacha mstari kabla mkubwa hajakaa, haulizwi walifika wapi. Atajuaje?"

Akasimama pale anasikiliza vijiko. Niliona kiatu chake kimeanza kupiga sakafu, ingawa mwenyewe hakujua. Akatazama miguu yangu, imevimba kama viazi. Akamtazama Ernest aliyekuwa mlangoni.

"Ndiyo maana ulikikataa kiti," akasema.

"Nilikukatalia mara kumi. Ulitaka niimbe hilo pia?"

Akaenda meza kuu, akaleta kiti chake mwenyewe, akakiweka nyuma yangu. Safari hii hakukisukuma. Akaniamkia upya na kungoja.

Nikakaa.

Vijiko mia mbili na arobaini vikanyamaza pamoja. Hapakuwa na kengele, hapakuwa na filimbi. Palikuwa kimya mpaka ukasikia nzi kwenye maharage. Halafu Stella, bila kuulizwa, akainuka: "Mwalimu, tumejifunza kwamba mkubwa ndiye mwisho."

Ndugu Patrick akaomba ile fomu, akafungua kalamu. Nilijinyoosha nichungulie. Alikata sifuri, akaandika nane. Nane katika ishirini. Hitimisho la saa mbili na zaidi, lililounguza maharage na kunivimbisha miguu, nane.

"Lilichelewa," akanieleza kwa upole.

Hamsini na mbili ni hamsini na mbili. Ernest akabaki kwenye muziki. Jioni akaja jikoni kunishukuru, na mimi nimekaa kwenye kigoda, siwezi hata kuinuka kufukuza kuku. Nikafurahi kumwona. Ndipo akatoa daftari.

"Mama, jumla ilikuwa vipimo vingapi?"

Nikamwonyesha sufuria ya maharage, nyeusi kuanzia kitako mpaka shingo, nikampa mchanga na gunzi. "Vimo humo. Sugua, uhesabu."

Akakunja mikono ya shati, akasugua. Mwanzoni ovyoovyo. Kisha mguu wake ukashuka chini, na gunzi likaufuata, barabara kabisa, kama mtu aliyezaliwa Mgeta akabeba kabichi toka utotoni. Wiki zote zile, na sasa ndiyo anaupiga hivyo, mimi magoti hayanyanyuki.

"Acha hilo pigo," nikamwambia. "Huoni kwamba nimekaa?"