Boksi Nyuma ya Paneli

Masihara alikuwa na mtindo wake wa kazi: hakati paneli kabla hajakata boksi. Anachukua katoni, anaipunguza kwa kisu mpaka ikae ndani ya meko kama soksi mguuni, ndipo anailaza juu ya paneli ya kuzuia moto na kupitisha msumeno. Paneli zile zinakatika kama mkate mkavu, lakini ukikosea umekosea.

Asubuhi ile alikuwa amebadilisha za meko ya sebuleni kwa mama mkwe wake: mbili za ubavuni, moja ya mgongoni. Akapiga tupa kingo, akaacha upenyo wa unene wa njiti ya kiberiti, zikivimba kwa joto zisipasuke. Akamwachia mama mkwe mtoto wake mchanga, akarudi karakana.

Sasa alikuwa akimwaga vitu kutoka mfuko wake wa kazi. Boksi la ubavu wa kulia. La kushoto. Akaugeuza mfuko, akaukung'uta. Vumbi tu.

Akakumbuka. Lile la mgongoni alilipachika tena mwishoni ahakikishe vipimo, mteja akapiga simu, naye akawa anaongea huku anasukuma paneli mahali pake. Boksi hakulitoa. Nyuma ya boksi kuna bati, nyuma ya bati mbao za ukuta.

Akampigia mama mkwe. "Mama, umewasha moto?"

"Tangu ulipoondoka. Mjukuu wangu kalala hapa mbele, katulia tuli."

"Mtoe nje. Na wewe toka. Nimesahau boksi nyuma ya paneli, litashika moto."

Mama mkwe akacheka. "Masihara wewe. Juzi ulinitoa mbio na chatu wa bafuni. Kumbe mpira wa maji."

"Mama, haki ya Mungu, leo sitanii."

"Na chatu uliapa hivyohivyo, baba." Akakata.

Masihara akapiga tena. Haikupokelewa. Akanyakua glavu za ngozi, akatoka mbio na aproni yake. Baridi ilikuwa kali. Kila bomba la nyumba lilitoa moshi, na kila moshi aliuona ni wa kule.

Mlangoni harufu ya karatasi iliyoungua ikampokea. Mama mkwe alikuwa anafuma, miwani puani. Alipouona uso wake, aliacha kufuma. Alimbeba mtoto na blanketi lake, akatoka.

Masihara akazolea makaa kwenye ndoo ya bati, akaivuta paneli. Ikavunjika vipande viwili mikononi. Boksi lilikuwa pale, kahawia, katikati lina tundu, na ukingo wa tundu ulikuwa mwekundu, ukitambaa taratibu. Akalidumbukiza kwenye beseni la maji jikoni. Likafanya *shss*, basi.

Akakimbilia chumba cha nyuma ya meko, akaweka kiganja ukutani. Mbao zilikuwa na joto, kama paji la uso la mtu mwenye homa.

Mama mkwe akachungulia dirishani kutoka nje, mtoto kifuani.

"Ni chatu?" akauliza kwa sauti ndogo.

Masihara akaitikia bila kuondoa kiganja. "Ndiye, mama. Safari hii wa kweli."

"Tuingie?"

"Bado. Mpaka ukuta upoe."

Akavuta stuli, akakaa, kiganja palepale. Kila alipodhani joto limepungua, alibadilisha mkono ili asijidanganye.