Nilichokula Tumboni

...na mkia wa ng'ombe unaushika kama unavyoshika mkono wa mkwe, usilegeze, usikaze, kazi hiyo kijijini Kasoli hakuna anayeijua kunizidi, mikia niliyowahi kushika mimi ukiiunga mmoja mmoja inafika Bariadi mjini, inazunguka stendi mara tatu na inabaki ya kufungia mbuzi, lakini huu wa leo unateleza, au ni mkono wangu, hapana, ni mkia, mkono wangu haujawahi kuteleza toka niumbwe, hata ile siku nilipomkaba fisi... walikuwa fisi wanne, dada yangu Doto, pacha wangu, anasema alikuwa mbwa wa jirani, Doto naye, na daktari wa mifugo ameshazamisha mkono nyuma ya ng'ombe mpaka kwenye kiwiko, glavu ya plastiki imempanda hadi begani, povu la sabuni linadondoka kwenye gambuti, mwanamke mwembamba kama mti wa pamba ulioshavunwa, aliposhuka kwenye pikipiki nikajua wametuletea mwanafunzi, nikamsalimia kwetu, Mwangaluka daktari Specioza, nikamwambia kuwa makini, mtamba wetu huyu akikurusha teke unadondokea Shinyanga bila nauli, akacheka, akasema Mwangaluka kaka, wewe shika mkia, teke niachie mimi. Basi nimeshika. Yeye anaangalia juu, haangalii ng'ombe, macho yapo huko mawinguni kama mtu anayetafuta shilingi chini ya mchanga kwa vidole, na mimi namwangalia yeye usoni, maana huko ndani hakuna anayeona, tunasubiri uso wake tu, na kule mbele Doto ameshika kamba, amegandisha paji lake la uso kwenye paji la uso la ng'ombe, ananong'ona Kisukuma, tulia mayu, tulia, inaisha sasa hivi... anamwita ng'ombe mayu, mama, ng'ombe ambaye hajawahi kuwa mama wa hata kupe. Mimi ndo nilimpa jina Bibi Harusi, kwa ule weupe na yale maringo, na pacha wake dume nikamwita Trekta, walizaliwa siku moja mvua ya kwanza inapiga, wakaja watu kushangaa, nikawaambia wametoka wanne wawili nimewarudisha kwa sababu zizi ni dogo, wakacheka, watu wanacheka mimi nikisema, ndo shida yangu hiyo, wanacheka. Na wazee wakasema palepale, jike aliyezaliwa pacha na dume, huyo ni wa kuchinja, hazai, kila mfugaji anajua, ila Doto aliporudi nyumbani mwaka juzi kutoka kwa mume wake Josia akamkuta bado ndama akamchukua awe wake, akamlisha, akamwogesha, na sasa ana miaka mitatu hajapandwa, madume yanamnusa yanaondoka kama watu waliokosea nyumba, na Mboje wa bucha kila akipita hapa anamkata kwa macho, paja huku, mbavu huku. Kaka mkia, anasema daktari, nimeshika daktari, nimeshika. Kabla ya mkono aliingiza kijiti cha plastiki cha kupimia, njia ya uzazi, akasema kwa mtamba mzima kingezama mpaka hapa, akaonyesha, lakini kimeingia shibiri moja kikagota, tok, kama unabisha hodi kwenye ukuta, niliona, Doto hakuona, Doto alikuwa anaongea na sikio la ng'ombe, na mimi nikapiga kelele, eti daktari hicho kijiti ni kifupi, leta cha watu wazima, ili asisikie ile tok... na kweli hakusikia. Maana jana tukipalilia pamba aliniambia, hakuniangalia, alikuwa anafuata mstari wake na jembe, akasema Kulwa, kesho daktari akija, Bibi Harusi akionekana mzima, nitampigia Josia aje anichukue, twende hospitali kama anavyotaka, tupimwe wote wawili. Na asipokuwa mzima, nikauliza. Akasema, asipokuwa mzima basi, sitaenda kupoteza muda wa watu, nitamwambia Josia aoe mwingine, pacha wa dume ni pacha wa dume, awe na miguu minne awe na miwili. Halafu akaendelea kupalilia. Na mimi, mimi ninayeongea kuliko redio ya kijiji, nikaangalia jembe langu kama ndo mara ya kwanza naona jembe. Kwa sababu maneno hayo ni ya kwangu. Siyo ya wazee, wazee toka zamani wanasema ya ng'ombe tu, aliyeyavusha kwenda kwa watu ni mimi, Kulwa, niliyetoka tumboni nikatangulia, Doto akanifuata, miaka sita iliyopita kule Mwandoya siku tulipompeleka kwa mume wake, watu wamekaa wamejaa uwanja, pombe imejaa, na kwetu pacha kumtania pacha ni ruhusa, sisi siku ya kuzaliwa tu tulichezewa ile ngoma ya matusi ya kupokea pacha, basi nikasimama, nikavaa ile kofia ya baba, nikasema wakwe zangu wa Mwandoya, mchukueni, lakini msije kulalamika, tumboni tulikuwa wawili na chakula cha mmoja, mimi nilikula changu, nikala chake, nikala na mbegu zake zote, mmepewa ganda la karanga, zuri sana kwa nje. Walicheka mpaka mtu mmoja akadondoka kwenye kiti. Mtu mmoja kweli, siyo kumi. Doto naye alicheka, ameziba mdomo na khanga, na mama mkwe wake alicheka, lakini yule mama, mwimba kwaya, ana kichwa kinachohifadhi kama ghala, mwaka wa kwanza hakusema, wa pili hakusema, wa nne mimba hamna akasema, kaka yake mwenyewe alituambia, tena hadharani, sisi tukadhani utani. Na Josia anapiga simu kila jioni mpaka leo, nasikia Doto akisema umekula, umelala vizuri, ng'ombe hawajambo, Josia hajamfukuza, Josia analia kwenye simu, nimemsikia, mtu mzima, anasema twende tukapime Doto, inaweza ikawa mimi, inaweza ikawa mimi mwenye shida, na Doto anamwambia kwa upole, siyo wewe, mimi ndo najijua... Anajijua kutoka wapi? Kutoka kwenye mdomo huu. Hajawahi kunilaumu hata siku moja, angenilaumu ningepata pa kubishia, mimi kwenye kubisha hakuna wa kunishinda, ningebisha mpaka jua lirudi lilikotoka, lakini yeye ananipakulia ugali, ananiwekea ile sehemu ya chini ya sufuria ninayopenda, ukoko, miaka yote ananiwekea ukoko... Mh, anasema daktari. Mh ya nini? Mkono umefika begani sasa, shavu lake linakaribia kugusa kiuno cha ng'ombe, anasema taratibu, kama anaongea na mkono wake, hapa nilitakiwa niguse mlango wa mji wa mimba, mgumu kama shingo ya chupa, sigusi, na huku pembeni nilitakiwa niguse ovari mbili, moja huku, moja huku, kila moja kama karanga kubwa... Karanga. Amesema karanga. Katika vitu vyote alivyoumba Mungu, angesema maharage, angesema kunde, amechagua karanga. Sigusi kitu, anasema, ni nyuzi nyuzi tu. Anasema nini, Doto anauliza kule mbele, na Bibi Harusi analia mooo, sauti inajaa zizi zima, nashukuru ile mooo, namshukuru ng'ombe, lia mayu, endelea kulia. Nikamwinamia daktari, nikapunguza sauti, na mimi sijui kupunguza sauti, nikasema ndo kusema dume lilikula vyake tumboni? Akasema hakuna aliyekula kitu, kaka. Akanieleza, mkono bado uko ndani, anatafuta upande wa pili, alieleza kwa Kiswahili cha kawaida tu, nami niliishia la tano... la saba, nasemaga la saba... lakini nimeelewa kuliko nilivyowahi kuelewa kitu chochote ubaoni, kwamba ng'ombe akibeba pacha, dume na jike, makondo yao ya nyuma yanashikana, mishipa inaungana, damu ya huyu inazunguka kwa yule, na ovari ya jike inakuwa bado haijajengeka, ndo kwanza kinyama kidogo hakijajua kitakuwa nini, sasa ujumbe wa dume unakuja na damu, unafika mapema, unakikuta, kinashindwa kukua, wakati mwingine kinajaribu hata kuwa korodani, kinaishia katikati, kila majike kumi waliozaliwa hivyo tisa ndo wanakuwa hivi. Dume hakujua, jike hakujua. Walikuwa wanalala tu, damu moja. Akasema siyo ugonjwa, wala siyo kosa la mtu, na ningeweza kuishia hapo, daktari ameongea, ng'ombe ni tasa, nabeba jibu mpaka mbele kwa Doto na yale aliyosema jana kwenye pamba yanatimia. Na watu je, nikasema. Sikujua kama ninasema. Watu nini? Watu pacha daktari, mwanaume na mwanamke. Akanitazama usoni mara ya kwanza toka aingize mkono, akasema watu haiko hivyo, watu kila mtoto ana lake, damu hazichanganyiki namna hiyo, mwanamke aliyezaliwa na pacha wa kiume anazaa kama mwanamke mwingine yeyote, mimi mwenyewe nina shangazi, ana watoto saba, pacha wake ni padri. Saba! Mimi ningesema sabini. Yeye anasema saba tu, hana haja ya kuongeza, na saba zake zimenipiga kifuani kuliko sabini zangu zote. Nani alikwambia kwa watu ni hivyo, anauliza. Nani. Inzi amekaa kwenye pua yangu, simfukuzi, mikono ina mkia. Kulwa, Doto anaita, anasema nini huyo, na namwona kwa juu ya mgongo mweupe wa ng'ombe, kitambaa chake kichwani cha rangi ya machungwa, macho yale yangu kabisa, ila yake hayajawahi kudanganya mtu... Kuna kitu mama alinisimulia mimi peke yangu akiwa anaumwa, sijakisema kwa binadamu, hata kwa padri, hata nikilewa. Alisema Kulwa, wewe ulitangulia lakini ulitoka kama gunzi, ulikuwa huna sauti, wakunga wakakuweka pembeni wakaendelea na mwenzako, na Doto akatoka mnene, mwekundu, analia kwa niaba ya watu wawili, akalia mpaka mkunga akasema mleteni huyo mwingine tumlaze naye apate joto, wakakulaza naye, akanyamaza, ukaanza kupumua vizuri, mkalazwa hivyo usiku tatu. Usiku tatu. Usiku tatu nimeishi kwa joto la mtu, halafu nikakua, nikavaa kofia, nikasimama mbele ya Mwandoya yote nikasema nilikula vyake. Ganda ni mimi. Na kwa Kisukuma tunaitana neno moja, yeye ni ilumbu wangu, na mimi ni ilumbu wake, neno ni hilohilo, halina la kaka na la dada, halina aliyetangulia wala aliyefuata... Huyu ng'ombe si lazima bucha, daktari anasema, ana nguvu, mfundisheni nira, wa hivi wanavuta vizuri tu. Nira. Kumbe. Afungwe na Trekta, pacha wawili chini ya mti mmoja, wavute plau pamoja, na Mboje akale mchicha, hilo nimeshaamua, hilo ni jepesi, hilo nitalitangaza mpaka Mwandoya nitasema anavuta kama treni, lakini hilo siyo aliloniuliza Doto. Kulwa! Ng'ombe kaacha kulia, mkono wa daktari bado uko ndani, mkia bado uko mkononi mwangu, na midomo yangu, hii iliyomkaba fisi, ikafunguka. Doto, nikasema. Mimi ni mwongo. Akasema hilo Kasoli nzima wanajua, nimeuliza daktari anasema nini. Nikasema ile ya tumboni, ilumbu. Ile niliyowaambia Mwandoya. Ng'ombe ndo wako hivyo, watu hawako hivyo, daktari ana shangazi, pacha wa padri, ana watoto saba, muulize, saba tu, sijaongeza. Wewe hukupungukiwa kwa ajili yangu. Sikula kitu. Alikuwa anakuna sikio la ng'ombe, vidole vikasimama. Akarudisha paji lake kwenye paji la ng'ombe nisimwone uso, na sauti ikatokea huko chini, ndogo, ya mtoto wa siku tatu. Hata kidogo? Hata kidogo, nikasema. Kaka, mkia, anasema daktari, umeulegeza. Nimeushika, daktari. Nimeushika.