Kijiko Menoni

"Amekilamba. Mwanangu amekilamba kile chuma, Mama Munga, halafu wewe waniambia nitulie."

"Amekilamba akacheka," nikamwambia Mwende. "Mtoto hachekei kitu kibaya."

"Mtoto huchekea hata nyoka."

Alikuwa amesimama katikati ya uwanja wetu, mtoto kiunoni, kidole kinaelekea mlango wa Nicanor. Mimi nilikuwa nyuma ya karai langu nageuza viazi, na sikutaka kuinuka, maana nikiinuka viazi huungua na umbea hupoa. Ploti yetu iko Magongo, nyuma ya barabara ya malori. Milango saba inatazamana, bomba moja, kamba moja ya nguo. Mtu akipiga chafya mlango wa kwanza, wa mlango wa saba humwambia afya. Hapa hakuna jambo linalopita bila kusikika. Ndivyo nilivyokuwa nikiamini.

Chuma chenyewe kilikuwa kando ya bomba, chini ya kipande cha bati. Miezi miwili Nicanor alikuwa akikikusanya kidogo kidogo, akitoka bandarini Kipevu anakoziba makontena yaliyotoboka. Leo bapa la springi ya lori, kesho sumaku ya spika iliyokufa, kesho kutwa waya wa shaba alioufungua kwenye feni iliyoungua, akauzungusha upya kwenye kopo la maziwa ya unga, duara juu ya duara, taratibu kama mtu anayesuka nywele za bintiye. Alipoulizwa alisema ni spika. Na sisi spika twazijua. Kuna za matangani na kuna za mikutano ya injili, na zote mbili hazilazi mtu.

"Miezi miwili anagonga," Mwende akaendelea, "na hata wimbo mmoja hatujasikia. Hiyo si spika, ni kutu. Na mwenyewe ana maringo. Ukimpita nyuma hageuki. Akigeuka, anazungusha shingo kama bwana mkubwa anayekagua shamba. Mimi nilipohamia hapa nilimkaribisha chakula mara tatu. Mara tatu, Mama Munga. Sahani iko mkononi, nasema karibu, anapita kama nimesemea ukuta."

Hapo ndipo kidonda kilipokuwa, si kwenye chuma. Mwende katoka Kitui na mila zake, na sisi Wagiriama tuna zetu, lakini kwa hili tuko kitu kimoja. Mtu akikwambia karibu chakula, ukishiba sema nimeshiba, ukiwa na haraka sema ahsante. Kunyamaza ni kumtemea mtu chunguni.

Bakari akatoka chumbani kwake akifunga kikoi. Bakari ndiye msimamizi. Mwenye nyumba yuko Malindi, kamwachia funguo na maneno ya mwisho. Ana masharubu mazito yaliyomfunika mdomo wa juu, na anaposema huoni jino.

"Nicanor," akaita. Nicanor alikuwa ameinamia waya wake, hakuinuka mpaka Bakari alipomgusa bega. "Sikiza, ndugu yangu. Jumapili, baada ya adhuhuri. Kikisema, ni spika, utakiingiza ndani kwako. Kisiposema, ni takataka, na wale wa vyuma kuukuu wana mkokoteni. Wallahi sitarudia."

Nicanor alimtazama masharubu yale kwa muda, akasema, "Sawa, sawa," akarudi kwenye kopo lake.

"Umeona?" Mwende akaninong'oneza. "Hata hajali."

*

Alhamisi alasiri niliamua kwenda kumpa Nicanor maneno ya mama. Jua lilikuwa lile la saa tisa, linalofanya uwanja mzima uwe mweupe na watu wawe kama wamechorwa. Watu wamelala milango wazi, mapazia yanapumua. Nikamkuta amechuchumaa mbele ya chuma, mgongo kwangu, msumari umebanwa kwenye meno, kama mafundi wafanyavyo mikono ikijaa.

"Baba Valarie," nikamwita kwa jina la bintiye. Kimya. Nikajiambia, haya, leo nimeyaona maringo kwa macho yangu.

Kisha barabarani tairi la lori likapasuka.

Si mlio mdogo ule. Mapazia yaliruka, mtoto wa Mwende akaangua kilio, Bakari akatamka shahada ndani kwake, na mimi nilijikuta nimeshika kamba ya nguo. Nicanor hakupepesa hata kope. Aliendelea kuchuchumaa katika ule weupe, akizungusha waya wake, kama samaki asiyejua kwamba juu kunanyesha.

Nikazunguka mpaka mbele yake. Alipouona uso wangu akajua nimegundua.

"Tangu lini?" nikamwuliza, naye akanitazama mdomo, si macho, na hapo miezi yote ikajipanga. Kumbe alikuwa akizungusha shingo kuona nani yuko nyuma yake. Na masharubu ya Bakari yalikuwa kwake ukurasa uliofungwa.

"Mvua za mwaka juzi," akasema polepole. "Masikio yalitoa usaha, yakauma, yakanyamaza. Ni kama niko chini ya maji, Mama Munga. Nawaona nyinyi juu mnaongea, midomo inafunguka, hakuna kitu inafika." Akautoa msumari menoni. "Halafu siku moja nilikuwa nafungua redio mbovu, msumari uko hapa kwa meno, ukagusa spika yake. Nikasikia mtu anaimba. Ndani ya kichwa. Nilikaa pale mpaka betri ikaisha."

Basi ndicho alichokuwa akijenga. Spika isiyosemea hewani, inayosemea chumani. Bintiye Valarie humpigia simu kutoka Homa Bay kila wiki, naye kila wiki hapokei, humwandikia kwamba mtandao ni mbaya, atume ujumbe. Mtoto yule amejifungua. Mjukuu amefika miezi minne, na babu hajamsikia hata akilia.

"Usimwambie mtu," akasema. "Pale kazini foklifti zinapita nyuma yako. Wakijua sisikii, siku hiyo hiyo wananiondoa. Nimebakisha kidogo tu. Kiseme, nimsikie Valarie, halafu nitatafuta kazi nyingine mimi mwenyewe, ya kukaa mahali mtu hakanyagwi."

Nikamwambia habari ya Jumapili na mkokoteni, nikitamka kila neno kama naliweka mezani. Hakuwa amejua. Alikitazama kile chuma kama mtu anavyomtazama mgonjwa.

Sasa nikuelezeni ukweli. Siri na mimi ni maji na pakacha. Ijumaa sikufungua karai, nikasema nina homa, na kweli nilikuwa nayo. Neno lilinikaa kooni kama fundo la sima. Mwende alikuja kunijulia hali na uji wa wimbi, akakaa kitandani pangu akamsema Nicanor kutoka unyayoni hadi utosini, na mimi nikaunywa uji ule wa moto wote kwa mkupuo, ili mdomo uwe na kazi. Nililala nikaota niko chini ya maji, na juu yangu milango saba inaelea, na kila mlango una mtu anayenikaribisha, na mimi sijui wanasema nini.

*

Jumapili ikafika. Watu walikuwa wametoka kanisani, wengine bado na viatu vya kanisa. Chungu cha Mwende kilikuwa jikoni kwake, muthokoi wa kwao, mahindi yaliyokobolewa na maharage, unatokota, na harufu ya tui la nazi, nililomfundisha mimi kulitia, ilikuwa imeenea uwanja mzima. Watu walikaa kwenye ndoo na vigoda. Ilikuwa kama arusi isiyo na bibi.

Nicanor akatoa chuma katikati ya uwanja. Bapa la springi chini, kopo la shaba juu yake, sumaku tumboni, waya mmoja kwenye betri ya pikipiki, mwingine kwenye ubao wa redio ndogo, na wa tatu mrefu umeishia kwenye kidude cha kunasa sauti alichokitoa kwenye simu mbovu. Akafunga waya wa mwisho, akawasha redio.

Tukangoja.

Jogoo wa mlango wa pili akawika. Lori likapita. Chuma kilikaa pale kimya kama mzee aliyesusa.

"Kimesema?" mtu akauliza.

"Kimesema kwamba hakina la kusema," akajibu mwingine, na kicheko kikazunguka.

Mwende hakucheka. Alikuwa anamtazama Nicanor, ambaye alikuwa amepiga magoti, msumari mrefu menoni, ncha yake imegusa springi, vidole vimeziba masikio. Alikuwa amefumba macho. Goti lake moja lilikuwa linapiga vumbi, taratibu, kwa mpigo.

"Sasa aomba Mungu," Bakari akasema. "Haya. Nimempa muda. Hakikusema. Niitieni mkokoteni."

Neno likanipanda mpaka kwenye ulimi. Ningesema, kiziwi, na chuma kingebaki, na kesho Kipevu nzima ingejua, maana nayajua masikio ya ploti hii, ni yale yale yangu. Nikalimeza. Na katika kulimeza nikamkumbuka yule mtoto aliyelamba springi akacheka. Jamani. Siku ile Nicanor alikuwa amekigusisha betri akikijaribu, na mtoto alisikia.

Nikaingia kwangu, nikatoka na kijiko.

"Bakari, babangu, hukumu haitolewi kabla shahidi hajasema," nikamwambia. Nikapiga magoti kwenye vumbi na gauni langu la kanisani, nikabana mpini wa kijiko kwenye meno, nikagusisha kichwa chake kwenye chuma, nikaziba masikio.

Sijui niwaelezeje. Uwanja ulizimika. Jogoo, malori, watu, vyote vikasogea mbali kama ufuo unapoachwa. Kisha kwaya ikaanza kuimba, lakini haikutoka mahali. Haikuja kutoka kulia wala kushoto. Iliinuka ndani yangu, nyuma ya macho, kama kitu nilichokuwa nikikijua zamani nikakisahau. Sauti za wanawake zilikuwa nyembamba na zina ladha ya chuma, na kila walipovuta pumzi niliona ni mimi ninayevuta. Nilikuwa kanisa tupu, nao wameingia mmoja mmoja wakajaa.

Nilipofumbua macho, Nicanor alikuwa mbele yangu na msumari wake, ananitazama. Tulikuwa wawili mle ndani. Goti langu nalo lilikuwa linapiga vumbi.

"Mama Munga ameingia wazimu," mtu akasema, nilipozibua masikio.

"Leteni vijiko," nikawaambia.

Wallahi, kama ungepita pale saa ile ungedhani ni ugonjwa. Watu wazima wamepiga magoti kuzunguka kipande cha lori, kila mmoja na kijiko menoni na vidole masikioni, wamefumba macho, na hakuna anayesema. Ploti yetu haijapata kunyamaza vile tangu ijengwe. Bakari alikuwa wa mwisho. Aliyainua masharubu kwa kidole kimoja, akauma kijiko, akakaa hapo mpaka wimbo ukaisha, na alipoinuka macho yake yalikuwa mbali.

"Kimesema," akasema.

Mwende peke yake hakupiga magoti. Alikuwa amempa mtoto kijiko, na mtoto alikuwa anakitafuna na kucheka, na yeye anamwangalia mtoto, kisha anamwangalia Nicanor, kisha mtoto. Akarudi hatua tatu mpaka nyuma ya mgongo wa Nicanor. Akasema kwa sauti ya kawaida, "Baba Valarie, viatu vyako vinaungua."

Sote tulitazama viatu. Nicanor hakutazama.

Mwende akanigeukia mimi. Nikatazama vidole vyangu. Yule mwanamke ana akili, hakuuliza kitu. Nilimwona tu akihesabu kimoyomoyo: sahani ya kwanza, ya pili, ya tatu. Uso wake ukalainika polepole, kama mahamri yakitiwa kwenye chai.

Bakari naye alikuwa ameona. Alikohoa. "Mimi nimeulizwa kama chuma kimesema," akawaambia watu wote, "nami nimejibu. Yaliyobaki hayamhusu mwenye nyumba, wala mtu wa Kipevu, wala jirani wa ploti ya pili. Mwenye mdomo afunge." Na akanitazama mimi peke yangu, jambo ambalo halikuwa la haki, baada ya siku tatu zile.

Watu wakaanza kuinuka, wanafuta vijiko kwenye leso. Nicanor alibaki chini. Alikuwa amezima kwaya ya redio, ubao bado umewaka, ametoa simu yake na anaifunga kwenye ubao huo, maana saa ya Valarie ilikuwa inakaribia, na mara hii angepokea. Akaubana tena msumari menoni, ajaribu kama kila kitu kimeshika.

Mwende akamkabidhi Bakari mtoto. Akaokota kile kidude cha kunasa sauti kwenye vumbi, akakipuliza, akarudi nacho nyuma nyuma hadi waya ulipoisha, kwenye kizingiti cha mlango wake, pazia linamgusa bega. Akageuka, akampa Nicanor mgongo kabisa, mdomo wake hauonekani. Mvuke wa chungu ulikuwa unamzunguka.

Aliongea polepole, karibu na kidude, kama anayemwambia mtu jambo sikioni. Mimi nilikiwahi kijiko changu nikakirudisha menoni, sikukawia, na ndiyo maana nawaambieni nilichosikia mwenyewe, ndani ya kichwa changu, na nilivyomwona Nicanor akiinua uso.

"Baba Valarie," ile sauti ilisema. "Hii ni mara ya nne. Muthokoi umeiva, nimetia tui. Karibu ndani tule."