Sahani Aliyoahidiwa Mshona Viatu

Siku ya tisa baada ya kumzika baba, mtu tusiyemjua alipiga hodi. Koti lilimpwaya, na mkononi bado alikuwa na utepe wa hospitali. Alisema yeye ni mshona viatu, na kwamba wodini kitanda chake kilikuwa ubavuni mwa kitanda cha baba. Sauti yake ilikwaruza kama bawaba zisizotiwa mafuta; ugonjwa ulikuwa umemkaa kooni.

Alitupa pole, kisha akaeleza kilichomleta, macho yakiwa sakafuni. Baba, aliyekuwa mpishi katika hoteli ya Mwitaliano kwa miaka ishirini na miwili, alikuwa akimpikia kwa maneno. Sindano ikichelewa na maumivu yakizidi, baba alianza: bilinganya, chumvi, jibini, oveni. Akamwahidi kwamba wakitoka atamlisha chakula hicho kwa mikono yake, na kwamba mchuzi wa nyanya upo tayari kabatini, unawasubiri.

"Daktari amenipa wiki mbili za kumeza," alisema. "Baada ya hapo nitalishwa kwa mpira."

Shangazi alinivuta jikoni. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," alinong'ona kwa uchungu. "Huyu kaja mwenyeji yuko udongoni."

Mchuzi ulikuwepo kweli. Chupa moja, ya mwisho, aliyoipika baba wiki moja kabla ya kulazwa, tarehe imeandikwa kifunikoni kwa mkono wake. Nilikuwa nimeapa kutoifungua kamwe. Shangazi akatoa nyanya mbichi kapuni, akazipanga mezani. Alisema mgeni hatajua tofauti.

Nilikata bilinganya. Mafuta yalipochemka nikainua kipande cha kwanza, na mgeni akakohoa mlangoni.

"Binti, hujavitia chumvi. Vinatakiwa vilie kwanza, vitoe maji, saa nzima. Mzee alisema asiye na subira hula uchungu."

Nina shahada. Nimekula chakula hicho tangu niote meno, nikimngoja baba mezani na kitabu mkononi, wala sikuwahi hata mara moja kusimama kando yake. Sasa mtu ambaye hajawahi kukiona ndiye aliyenifundisha: futa kila kipande kwa kitambaa, kaanga mpaka kingo ziwe kahawia, panga safu, usirundike. Alifuata mikono yangu kwa macho, na katika sauti ile iliyochakaa nilimsikia baba.

Ilipofika zamu ya mchuzi, mgeni alizitazama nyanya za mezani. Akaelewa.

"Hata hizo zitafaa, mwanangu," alisema.

Ni upole wake ulionishinda. Nilifungua kabati. Shangazi akageuza uso ukutani. Kifuniko kiligoma, nikakishika kwa kitambaa, kikaachia, na harufu ya mrehani na kitunguu saumu ikajaa jikoni, kana kwamba baba ameingia kutoka kazini na aproni yake.

Nilimimina safu kwa safu, nikinyunyiza jibini. Mchuzi kidogo ulibaki umegandia chini ya chupa. Nilitaka kuufunika, nibaki hata na harufu.

"Alisema chupa husuuzwa," mgeni alinena taratibu, kama anayeomba radhi. "Maji kidogo, nayo yamiminwe. Lakini si lazima."

Nilisuuza. Nikamimina. Tarehe ya kifunikoni ilikuwa imelowa, wino ukatoka na kidole changu.

Ilipoiva, tulikaa watatu mezani. Mgeni alikula vijiko vinne. Kila kimoja kilichukua muda, macho yamefumbwa, kiganja shingoni kama anayekisindikiza chakula njiani. Cha tano hakikupita. Alikirudisha sahanini kwa heshima, na Shangazi akammiminia maji.

"Hakunidanganya," alisema mshona viatu.