Uzi Kwenye Chupa ya Mafuta

Siku ile ya kwanza mzani wa hospitali ulionyesha kilo mia na sita. Daktari wa mifupa akaandika kwenye faili tisini na tano, akaizungushia duara. Akamgeukia binti yangu.

"Wanaobadilisha nyonga wanakuja hapa mara moja kwa mwaka. Watakuja baada ya miezi mitano. Ukizidi hapa, hawakugusi. Dawa ya usingizi haina mchezo na mwili mzito."

"Na nisipofika?" binti yangu akauliza.

"Utasubiri mwaka mwingine. Ila hiyo nyonga sijui kama itakusubiri." Akafunga faili. "Na msiikande. Wenzenu wakiona maumivu wanakanda, wanaharibu zaidi."

Binti yangu ni fundi wa kushona. Cherehani yake ni ya kukanyaga, na mguu unaokanyaga ndio ulioharibika nyonga. Ana miaka thelathini na minne. Wakati huo alikuwa anashona robo saa, anasimama ameshika ukuta, anang'ata midomo mpaka maumivu yapite, anakaa tena. Wateja wakawa wanachukua vitambaa vyao kimya kimya na kusema watarudi.

Tulipotoka kwa daktari tukapelekwa kwa mtaalamu wa lishe, msichana mdogo mwenye miwani. Foleni ilikuwa ndefu, akatuambia mengi harakaharaka. Mimi nilishika haya: nusu ya sahani iwe mboga, sukari basi, vya kukaanga basi, mafuta ya kupikia yatoke jikoni.

"Kwenye mboga umenikuta nyumbani, mwanangu," nikamwambia. "Nimepika miaka ishirini na miwili."

Akacheka, akaita mwingine.

Na kweli nimepika. Jiko la shule ya bweni, masufuria ya kukoroga kwa mwiko mrefu kama jembe. Elimu yangu ni ya msingi tu, lakini sufuria naisoma. Nikarudi nyumbani nikiwa na moyo mkubwa. Marehemu mume wangu aliniachia mtoto huyu mmoja, nami nilimwambia Mungu wazi kwamba kazi ya kisu waifanye madaktari, kazi ya kilo kumi na moja aniachie mimi.

Mwezi wa kwanza nilichemsha. Kabichi ya kuchemsha, mchicha wa kuchemsha, karoti za kuchemsha, chumvi kidogo. Tulikuwa watatu nyumbani, pamoja na wifi yangu, dada yake marehemu, aliyekuja kwenye msiba akabaki kunisaidia. Wifi ana mdomo. Siku ya tatu akachungulia sahani ya mtoto.

"Wifi, huyu tunamtibu au tunamfuga? Naona unamlisha kama sungura."

"Sungura umemwona wapi anaumwa nyonga?"

"Ndiyo maana anaruka, wewe!"

Binti yangu akacheka mpaka akashika kiuno. "Shangazi, usinichekeshe, inauma. Ila mama, hii kabichi imekufa, ukaizika, ukaifukua."

Kilo zikashuka. Tulikuwa tunapima kwenye mzani wa duka la dawa, kila Jumamosi asubuhi. Mia na sita, mia na nne, mia na moja. Nikawa nasali kwa shukrani. Lakini mimi ni mtu wa kuangalia. Nikaona sahani inarudi na nusu ya chakula. Nikaona amekuwa mkali kwa watu. Siku moja natafuta sindano kwenye droo ya cherehani, nikakuta karatasi za biskuti, zimekunjwa ndogondogo kama barua.

Sikumgombeza. Nilijiambia, kosa ni la mpishi. Mtu hawezi kula adhabu miezi mitano.

Nikaanza kupika kwa akili. Kitunguu nilikikausha kwenye sufuria kavu, moto mdogo. Kikianza kushika chini nanyunyiza kijiko cha maji, kikishika tena nanyunyiza, mpaka kinageuka rangi ya chai na kunukia nyumba nzima. Nyanya nilizipika peke yake mpaka maji yote yakauke, ndipo naingiza mchicha, nafunika, nahesabu mpaka mia, naepua. Kabichi niliikata nyembamba kama nyuzi, nikaitia kwenye sufuria ya mfuniko mzito bila tone la maji. Inajipikia kwa maji yake yenyewe, na ukiitafuna inaitika. Bilinganya nilichoma juu ya makaa mpaka ngozi ikapasuka, nikamenya, nikaponda na kitunguu saumu na ndimu. Tangawizi, pilipili, bizari, majani ya giligilani. Chupa ya mafuta ikakaa juu ya kabati inapigwa vumbi.

Sahani zikaanza kurudi tupu. Lakini binti yangu alikosa kitu, nilimwona anatafuta kwa ulimi.

"Ni tamu, mama," akasema. "Ila haikai. Nikishika cherehani tu, njaa hiyo."

Hapo nikakumbuka jiko la shule. Stoo ilipokuwa haina mafuta, mtunza stoo alikuwa anatutolea karanga. Tulikuwa na siku ya mafuta na siku ya karanga, mbili zisizoonana. Siku ya karanga tulizitwanga, tukakoroga kwenye mboga, na wanafunzi walikuwa wanakwangua sufuria. Miaka ishirini na miwili, kichwani mwangu karanga ni kitu unachotia wakati mafuta hakuna.

Nikakaanga karanga kavu, nikazitwanga laini, nikatia kiganja kimoja kwenye mchicha. Binti yangu akaonja. Akafumba macho.

"Mama. Hii nayo ni ya hospitali?"

"Ya hospitali hasa. Hamna hata tone la mafuta."

"Basi niongeze."

Nikamwongezea. Namshukuru Mungu kwa furaha ile, kwa sababu ilikuwa ya kweli hata kama sikujua ninashangilia nini. Biskuti ziliisha kabisa. Akawa anaita kutoka chumba cha mbele, mguu kwenye kikanyagio, "Mama, mboga ya leo?" Kiganja kikawa viwili mchana, viwili jioni. Mimi nilionja tu, na wifi alikuwa na chungu chake, anasema hawezi kula chakula cha wagonjwa akiwa mzima.

Jumamosi ya kwanza, mia na moja. Ya pili, mia na moja. Ya nne, mia na moja na nusu.

"Mzani wao mbovu," binti yangu akasema.

Hakuna mzani mbovu unaopanda upande mmoja. Nikaanza kuangalia. Kila anachotia mdomoni nakijua, mkono ni wangu, sufuria ni yangu. Basi kuna mkono mwingine.

Nikachukua uzi mwekundu kwenye meza ya kushonea, nikaufunga kwenye chupa ya mafuta, sawasawa na pale mafuta yalipofika. Wifi alikuwa na chupa yake chumbani, hii hakuwa na haja nayo. Baada ya siku nne nikapanda kwenye kigoda kutazama. Mafuta yalikuwa yameshuka chini ya uzi, upana wa kidole.

Nikasema labda nimeona vibaya. Nikasogeza uzi. Wiki iliyofuata, kidole kingine.

Nilimngoja wifi atoke kuoga. Sikupaza sauti. Niliweka chupa mezani mbele yake.

"Wifi, haya mafuta yanakwenda wapi?"

Akaangalia uzi, akaniangalia. "Umeniwekea mtego? Mimi ni panya?"

"Nimeuliza."

"Namkanda mtoto. Wewe ukienda kusali, namkanda nyonga. Hawezi kulala. Yangu yameisha, nikachukua hayo."

"Daktari alikataza kukanda."

"Daktari halali naye chumba kimoja! Mimi ndiye ninayemsikia akilia."

"Mguu haunywi mafuta vidole viwili, wifi. Unamtilia kwenye chakula. Tangu mwanzo unakicheka chakula changu. Sungura, sijui wagonjwa. Unamwonea huruma, na huruma yako itamkosesha upasuaji."

Binti yangu akaja ameshika ukuta. "Mama, ni kweli ananikanda. Mimi ndiye niliyemwambia asikuambie."

"Nyamaza. Unamkingia kifua shangazi yako."

Wifi akainuka. Akaingia chumbani, akatoka na mfuko mmoja na mto wake. Mlangoni akasema, "Kaka yangu alikuwa anasema wewe macho yako hayakosei. Leo nimshukuru Mungu hayupo." Akaenda kwa mwanawe wa kiume, upande wa pili wa mji.

Tukabaki wawili. Nikafuta vumbi la chupa, nikafunga uzi upya. Mafuta hayakushuka tena hata unywele. Nikajiambia, umeona? Nikapika kwa bidii zaidi, na kwa sababu mtoto alikuwa na huzuni ya shangazi yake, nikamtilia karanga za kutosha ili ale.

Jumamosi zilizofuata hakutaka kwenda duka la dawa. Alisema kutembea kunamuumiza, tutapima siku yenyewe. Sikumlazimisha. Nadhani wote wawili tulikuwa tunaogopa.

Siku yenyewe tulifika kabla milango haijafunguliwa. Binti yangu alivua viatu, akavua saa, akavua na vipini vya masikioni. Akapanda. Muuguzi akasogeza kile chuma kidogo cha mzani, akakirudisha, akakisogeza tena.

"Mia na mbili na nusu."

"Pima tena, tafadhali," binti yangu akasema.

Akapima tena. Daktari mgeni hata hakuinuka. Alisema pole, na pole yake ilikuwa ya kweli, akapiga mstari kwenye jina la binti yangu, kisha akaita linalofuata. Mwanamke mwembamba akasimama na mkongojo, akapita mbele yetu bila kututazama, kama mtu anayeogopa kurudishwa.

Wakatupeleka tena kwa yule msichana mwenye miwani. Safari hii foleni haikuwepo.

"Mama, niambie unapika nini. Tangu asubuhi, polepole."

Nikamwambia. Nilimwambia kitunguu cha maji, kabichi ya mfuniko, bilinganya ya makaa. Akawa anaandika, anatikisa kichwa kwa kupendezwa. "Vizuri sana. Hii nitawafundisha wengine. Na mafuta?"

"Hamna. Chupa nimeifunga uzi."

"Sasa mbona..." Akaacha kuandika. "Mboga unaunga na nini?"

"Karanga tu."

"Kiasi gani?"

Nikamwonyesha kwa kiganja. Nikaonyesha mara nne.

"Kwa watu wangapi?"

"Huyu hapa."

Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alikuwa anatafuta namna ya kusema na mtu wa umri wa mama yake. "Mama, karanga karibu nusu yake ni mafuta. Kwa siku ulikuwa unampa kama vijiko saba vikubwa vya mafuta. Nilikuambia nini kuhusu mafuta?"

"Ulisema mafuta yatoke."

"Ndiyo," akasema taratibu. "Nilisema mafuta. Sikusema karanga. Samahani, mama."

Kuombwa samahani na mtoto yule kuliniumiza kuliko kama angenitukana. Nilimtazama binti yangu. Alikuwa anatazama viatu vyake sakafuni, ambavyo hawezi kuinama kuvivaa. Nikapiga magoti nikamvalisha.

Kwenye korido ndefu akasimama kupumzika, ameegemea ukuta.

"Mama."

"Abee."

"Zilikuwa tamu lakini."

Nikampa bega, tukatoka.

Nyumbani nilikuta kopo la karanga zilizotwangwa, limejaa, nililoliandaa jana yake kwa ajili ya furaha ya kurudi na tarehe ya upasuaji. Nikapika kabichi ya mfuniko, bila kitu. Binti yangu alikula vijiko viwili, akasukuma sahani, akaenda kukaa kwenye cherehani. Hakushona. Alifungua mkanda wa gurudumu, akaifunika cherehani kwa kitambaa, kama mtu anayejua hatarudi kesho.

Jua likiwa bado lipo nikampigia wifi. Sikutegemea atapokea.

"Wifi, ni mimi."

"Najua. Simu inaandika."

"Hukumtilia mafuta."

"Nilikuambia."

"Uliniambia. Nilikuwa mimi, wifi. Karanga. Nilikuwa nampa mimi mwenyewe kwa mkono wangu."

Nikasikia sufuria inaepuliwa huko kwake.

"Amepimwa ngapi?"

Nikamtajia.

"Mwaka mzima tena?"

"Kama nyonga itakubali."

Akavuta pumzi. Nilingoja aseme anarudi. Nilikuwa tayari kumwomba, maneno nilikuwa nayo.

"Anaumwa usiku?" akauliza.

"Anaumwa."

"Nani anamkanda?"

"Hakuna."

"Basi mkande wewe. Mafuta si unayo, umeyafunga uzi." Akakata.

Daktari alikataza. Lakini alikuwa anaitunzia kisu hiyo nyonga, na kisu hakipo. Nikapanda kwenye kigoda, nikashusha chupa, nikapasha mafuta kidogo kwenye kijiko juu ya makaa. Binti yangu alikuwa amelala ubavu, ameelekea ukutani. Nikamkanda polepole. Sijui kukanda, mkono wangu ni wa mwiko. Mara mbili alishtuka, mara ya tatu akasema, "Shangazi anaanzia juu," nami nikaanzia juu.

Aliposinzia nikapiga magoti palepale kando ya kitanda. Nimesali tangu nikiwa mtoto, sijawahi kukosa neno. Siku ile nilikaa na mikono yangu imejaa mafuta, nikitafuta nimwambie Mungu nini, nikakosa. Nikainuka. Chupa ilikuwa sakafuni, uzi mwekundu umebaki juu, mafuta yako chini yake. Sikuusogeza.