Kiganja cha Shangazi

Watu hawachukui mbwa anayebweka. Hilo Shangazi alilijua vizuri. Mgeni huingia kituo cha wanyama waliotupwa akiwa na huruma tele, kwamba leo lazima aokoe kiumbe mmoja, lakini akishapita kwenye ujia wa vizimba na kubwekewa kutoka kila upande, huruma yote humwishia miguuni, na hutoka akisema atarudi wiki ijayo. Harudi. Mbwa aliyetupwa hubweka kwa sababu ana hofu, ila nenda ukamweleze hivyo mama aliyekuja na mtoto mgongoni.

Kwa hiyo Shangazi, aliyekuwa mlezi wa wanyama pale tangu kuta hazijapakwa chokaa, alibuni dawa yake. Aliinua kiganja mbele ya kifua, vidole vimebanana, bila kusema neno. Mbwa aliyekaa chini na kunyamaza alipata kipande cha nyama; aliyeendelea na kelele alitazama wenzake wakila. Wote walielewa, hata wenye vichwa vigumu. Siku za wageni alitangulia mbele, kiganja juu kama askari wa barabarani, na ujia mzima ukawa kimya. Mbwa wakaanza kupata kwao. Mmoja alikwenda kwa mwalimu mstaafu, mwingine kwa wenye duka la vipuri, na paka nao wakabebwa humo humo. Shangazi akavimba kichwa, na nani angemlaumu?

Gogo ndiye aliyechelewa. Lilikuwa dume jeusi, kifua kama mlango, na uso ambao hata likifurahi ulionekana unadai ugomvi. Hakuna aliyelitaka mpaka alipokuja fundi cherehani, mwanamke mwembamba aliyevaa mikono mirefu siku ya jua kali.

"Sitaki mbwa wa kuchezea," alisema. "Nataka wa kunisaidia nipate usingizi."

Shangazi hakumuuliza mengi, na labda ndiyo maana fundi mwenyewe akafunguka. Alipandisha mkono wa gauni na kumwonyesha kiwiko kilichopinda. Mume wake ndiye aliyeuvunja mkono huo. Fundi alikuwa amemkimbia na kupanga nyumba upande mwingine wa mji, na huko hakuna aliyejua habari zake.

"Hata huu mkono nauficha. Wakiona, maswali hayaishi. Nimekwambia wewe tu, Shangazi."

Gogo likaweka kichwa chake kizito juu ya magoti ya fundi, na mambo yakaishia hapo.

Shangazi alikuwa na desturi ya kuwatembelea wanyama waliopata makazi, na kwa fundi alikwenda mara nyingi kuliko kwingine. Alilikuta Gogo limenenepa, limelala chini ya meza ya cherehani juu ya vipande vya vitambaa, likibweka kwa sauti ya kutetemesha madirisha mtu yeyote akigusa geti. "Tangu aje, nalala," fundi alimwambia, na Shangazi alirudi nyumbani akilia kwa furaha kama mtu aliyeozesha binti.

Mwanamume mmoja alikuja kituoni siku ya wageni, mchana. Alikuwa nadhifu, amebeba gunia la pumba begani, na alipita kwenye vizimba vyote bila kumtazama mbwa hata mmoja. Shangazi aliliona hilo. Akaliacha lipite, maana gunia lilikuwa zito na chakula kilikuwa kimekaribia kwisha.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, baba. Umekuja kuchagua?"

"Nimekuja kuomba. Mimi ni jirani wa yule fundi aliyechukua mbwa mweusi hapa. Mbwa mzuri, sikatai, lakini wanangu wakipita pale wanapiga mayowe. Sitaki ugomvi na jirani. Nikasikia wewe una dawa."

"Nani kakwambia?"

"Nani asiyejua? Wanasema mbwa wako wanakusikiliza kuliko watoto wanavyowasikiliza wazazi wao."

Hicho kilikuwa kilemba cha ukoka, na Shangazi alikivaa kikamkaa sawasawa. Akamshika mwanamume yule mkono na kumsimamisha katikati ya ujia.

"Si hivyo, baba. Inua taratibu. Bana vidole. Na usiseme kitu, ukisema umeharibu."

Mwanamume akainua tena. Mbwa wote wakakaa. Kimya kilichoingia pale hakikuwa kile cha siku zote. Shangazi alisikia bomba la uani likidondosha maji. Mwanamume aliutazama mkono wake mwenyewe kwa muda.

"Atakaa hivyo mpaka lini?"

"Mpaka uushushe."

"Hata kama mwenye mbwa yupo na anamwita?"

"Gogo?" Shangazi akacheka. "Gogo kwake kiganja kwanza, mengine baadaye."

Mwanamume hakucheka. "Afadhali," alisema. "Maana yule fundi hawezi kumzuia. Mkono wenyewe haunyooki tangu uvunjike." Akashukuru kwa adabu, akaaga, akaenda zake.

Shangazi aliendelea na kazi. Alipima pumba, akachanganya na mabaki ya nyama, akaanza kugawa. Alikuwa ameinamia kizimba cha katikati maneno yale yalipomrudia, na bakuli likamtoka mkononi. *Tangu uvunjike.* Fundi alikuwa amemwambia yeye peke yake. Mtu mwingine aliyejua ni yule aliyeuvunja.

Akampigia fundi simu. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena, ikaita mpaka ikakatika. Daktari wa mifugo, aliyekuja kuchanja mbwa wa kituo, alikuwa ndiyo kwanza anafungua mkoba wake wa sindano.

"Daktari, washa gari!"

"Kuna nini tena?"

"Washa gari, utaniuliza njiani!"

Njiani alimweleza kila kitu. Daktari aliwapigia polisi huku anaendesha. Wakajibu wanakuja, kwa sauti ya watu ambao hawajamaliza chai.

Geti la fundi lilikuwa wazi. Walipita uani mpaka mlangoni, na Gogo halikubweka. Shangazi alitamani kusikia sauti ile kuliko alivyowahi kutamani kitu chochote duniani. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Akakimbilia dirishani, akachungulia penye upenyo wa pazia.

Mwanamume alikuwa amesimama karibu na cherehani. Mkono mmoja ulikuwa juu, mbele ya kifua, vidole vimebanana vizuri kama alivyofundishwa. Mwingine ulikuwa shingoni mwa fundi. Na Gogo lilikuwa limekaa sakafuni kati yao na mlango, mwili mzima unatetemeka, macho kwenye kiganja, udenda unachuruzika, likisubiri ruhusa. Midomo ya fundi ilikuwa inatamka jina la Gogo bila sauti.

Shangazi akafungua kinywa amwamuru Gogo, na hapo ndipo alipojua hana la kuamuru. Miaka yote ile aliwafundisha kunyamaza. Kubweka hakuwafundisha, kwa sababu kituoni nani angetaka mbwa abweke?

Daktari alikuwa anagonga mlango kwa bega na mlango haukusikia. Shangazi akashika nondo za dirisha, akabweka. Mama mzima, mtu wa kuamkiwa shikamoo na nusu ya mji, alibweka mpaka koo likachanika. Mbwa wa nyumba ya pili akajibu, wa tatu akadakia, na mtaa mzima ukalipuka. Watu wakatoka, wengine kumshangaa mwendawazimu, lakini wakatoka. Wanaume wawili wakaungana na daktari, na mlango ukaanguka.

Mwanamume aliona umati, akamwachia fundi, akashusha mkono. Gogo likarukwa na akili papo hapo, ikabidi watu watatu walishike mkanda ili lisimmalize. Mwanamume walimfunga mikono kwa kitambaa cha mteja. Hakushindana nao. Alipopitishwa mlangoni akasimama mbele ya Shangazi, akainamisha kichwa kwa heshima ile ile ya kituoni.

"Asante kwa somo, Shangazi."

Fundi alisikia. Alikuwa ameketi sakafuni, alama za vidole shingoni, mikono yote miwili imekumbatia mbwa wake.

"Somo gani?" aliuliza, sauti imekwaruza.

"Nilimwonyesha mimi," Shangazi akasema. "Alisema ni jirani. Akanisifu, nikamwonyesha. Mwanangu, sikujua."

Fundi akaficha uso kwenye manyoya ya Gogo, na maneno yake yakatokea humo.

"Mbwa atabaki. Wewe usije tena hapa."

Daktari alimshika Shangazi kiwiko, wakatoka pamoja mpaka kwenye gari. Nyuma yao Gogo lilikuja mpaka kizingitini, likamwona anaondoka, na likaanza kumbwekea.