Jeni Iliyolala Mkononi Mwangu

Samaki walianza kuingia wodini kupitia dirishani, polepole, kama watu waliokuja kuona mgonjwa na hawajui kitanda ni kipi. Kambare mmoja mkubwa alipita juu ya dripu yangu, masharubu yakipepea, akaenda kukaa karibu na taa. Nikamwambia muuguzi awafukuze. Alicheka, akaniwekea kiganja kwenye paji la uso.

"Mzee Gichuru, homa imepanda tena."

Homa! Mimi samaki nawajua. Nina bwawa langu kule Chepsaita, nimefuga ngege na kambare miaka na miaka, na yule aliyekaa karibu na taa ndiye aliyenichoma. Nilikuwa namtoa kwenye wavu akajipinda, mwiba wa pezi lake ukaingia pembeni mwa kidole cha mwisho. Damu kidogo tu. Nikanyonya, nikatema, nikaendelea na kazi yangu. Kufikia Jumapili mkono ulikuwa umevimba hadi kiwiko, ngozi imegeuka zambarau, nikaletwa Eldoret nikalazwa. Daktari Kimutai alisimama mbele ya kitanda akaniambia bila kuzunguka: dawa isipommaliza huyu mdudu aliyeingia kidondani, mkono utakatwa.

Mkono wa kulia, jamani. Mtu asiye na mkono wa kulia anasalimia watu na nini? Anashika jembe na nini? Niliogopa. Sioni haya kusema, niliogopa kuliko vile nimewahi kuogopa kitu chochote.

Mke wangu Waiyego alikuwa anakuja kila siku na uji wa wimbi kwenye chupa. "Mgonjwa haulizwi uji, Baba Njenga," ananiambia, na kabla sijajibu kijiko kiko mdomoni. Nikamfokea kwamba ananiunguza. Mimi hufoka, hiyo haijifichi. Nafoka chai ikipoa, nafoka mvua ikichelewa, nafoka jogoo akiwika kabla ya wakati. Waiyego husema aliolewa na redio isiyo na mahali pa kuzima. Akaupuliza uji, akaendelea kunilisha huku akiwaeleza wagonjwa wenzangu kwamba nikinyamaza ndipo waite daktari.

Siku hiyo ya samaki ndipo alipokuja msichana wa maabara, mtandio wa kijani na koti jeupe. Samaki walimpisha njia. Alisema anaitwa Ruwayda, binti ya Abdikadir mwenye duka la chakula cha mifugo mjini. Abdikadir namjua, pumba zangu natoa kwake. Akasema yeye anachunguza bakteria wanaowashambulia samaki wa kufugwa, na wanaowashambulia watu wanaowashika hao samaki.

"Msomali na samaki, wapi na wapi?" nikamuuliza.

"Na Mkikuyu je, Mzee? Nyanya yako aliwahi kula samaki?"

Nikacheka hadi mkono ukauma. Kweli, nyanya yangu alimwita samaki nyoka wa maji, na sufuria iliyopika samaki haingevuka mlango wake. Ruwayda akasema hata kwao ni vivyo hivyo, mamake humwambia anawe hadi viwiko kabla ya kushika vikombe vya nyumba. Nikampenda hapo hapo. Nikamwambia avute kiti.

Walikuwa wamechukua usaha kwenye kidonda changu. Maabara yao ina kamashine kadogo ka kutia mfukoni, kanasoma jeni za bakteria moja baada ya nyingine. Jeni, akanieleza, ni maagizo ambayo huyo mdudu anayabeba ndani yake na kuwarithisha watoto wake, na wakati mwingine hata humpa jirani ambaye si wa ukoo wake.

"Huyu wako amebeba maagizo ya kushinda dawa mbili," akasema. "Hizo tumeziweka kando. Kuna jeni ya tatu, hii ndiyo inanisumbua. Imelala."

"Imelala aje?"

"Iko ndani yake lakini haifanyi kazi. Daktari ana dawa nzuri, tukiijaribu maabara inamuua. Lakini hiyo jeni inaweza kuamka mdudu akikutana na dawa yoyote ya ukoo wa hiyo nzuri. Ikishaamka, dawa haimfanyi kitu. Na kama bwawa lako limekuwa likipata dawa kama hizo, basi kati ya wadudu hao kuna wale ambao kwao jeni hailali tena. Wachache wakibaki, wanazaana. Kwa hivyo nataka uniambie ukweli, Mzee. Umewahi kuweka dawa kwenye bwawa?"

"Haki ya Mungu, hapana. Samaki wangu wanakula majani, pumba, na kile Mungu anawaangushia kutoka juu. Uliza watu wa Turbo, uliza watu wa Yamumbi."

"Hata kidogo?"

"Wee msichana! Sipendi kuulizwa mara mbili."

Akaenda kumwambia Daktari Kimutai. Kulikuwa na dawa nyingine kali zaidi, lakini hiyo ingeniumiza figo, na figo zangu si za kijana. Kwa vile niliapa, wakachagua ile nzuri.

Na ikafanya kazi! Uvimbe ulishuka, nikaweza kuona mishipa ya mkono wangu tena. Samaki wakatoka wodini mmoja mmoja. Waiyego akaimba wimbo wa kanisani akinikunjia blanketi, na mimi sikumwambia apunguze sauti.

Kisha homa ikarudi, na safari hii ilikuja na hasira. Vidole viwili vya mwisho viligeuka vyeusi. Mstari mwekundu ukaanza kupanda kutoka kwenye kifundo cha mkono, na Daktari Kimutai akauchorea alama na kalamu kwenye ngozi yangu. Mstari ukaipita alama. Akasema asubuhi wataniingiza chumba cha upasuaji, na nisitarajie kutoka na mkono. Waiyego aliuliza kama hakuna dawa nyingine. Daktari akasema bila kujua dawa inashindwa kwa nini, hathubutu kumimina sumu kwenye figo za mzee kwa kubahatisha.

Mchana huo nilizama. Kitanda kilifunguka chini yangu nikashuka taratibu, maji yakawa ya kijani, kisha ya kahawia, vuguvugu. Sikuhitaji kupumua. Nilijua niko wapi: nilikuwa chini ya bwawa langu mwenyewe, nimekaa kwenye tope, na ngege wananipita usoni wakinigusa kwa mapezi. Kambare akaja akalala karibu nami. Tukatazama juu tu, kama vile samaki wanavyotazama juu maisha yao yote.

Na juu hakukuwa na mbingu. Juu kulikuwa na mbao zilizopigiliwa kwa kuachana, mwanga unapenya katikati, miguu ya kuku inatembea tembea. Kitu kilianguka, samaki wakakikimbilia. Halafu maji meupe yakamiminika kutoka katikati ya mbao, yakatanda polepole kama maziwa kwenye chai, na kambare akafungua mdomo akayapokea.

Lo! Banda la kuku!

Sasa unielewe vizuri. Banda liko juu ya bwawa, kwenye nguzo, ili kinyesi kianguke majini kiwalishe samaki. Wengi hufanya hivyo. Lakini kuku ni wa Waiyego. Kwetu mwanamume haulizi habari za kuku wa mkewe; akipewa yai anakula, anashukuru, basi. Samaki ni wangu, kuku ni wake, na mpaka wetu ni ile sakafu ya mbao. Nilipoapa niliapia bwawa langu. Kuku hawakunijia kichwani hata chembe.

Nikafungua macho. Ruwayda alikuwa hapo, amekuja kuchukua usaha mwingine, na Waiyego amenishika mguu kupitia blanketi.

"Mama Njenga," nikasema, "kuku wako unawapa nini?"

Alinitazama akadhani naenda zangu. Tangu tuoane sijawahi kumuuliza habari za kuku.

"Tangu lini wewe unataka kujua?"

"Jibu, mwanamke!"

"Nawapa dawa. Ule unga mweupe, kwenye maji ya kunywa. Kila mvua ikianza, hata kama hawajaugua. Ndiyo maana wangu hawafi kama wa jirani."

"Na maji yakibaki, Mama?" Ruwayda akauliza kwa sauti ya chini.

"Dawa nzuri hivyo mtu atamwaga ovyo? Nawamwagia samaki wa huyu mzee. Alikuwa analia samaki wake wanakufa, na ukitaka kumsaidia anakufukuza. Nikamsaidia kimyakimya. Si waliacha kufa?"

Walikuwa wameacha kufa, kweli. Nilijisifu mbele ya watu kwamba ni mkono wangu.

Ruwayda aliuliza jina lililo kwenye pakiti. Waiyego akalitaja, na yule msichana akatoka mbio, mtandio ukimdondoka mabegani. Unga huo ulikuwa wa ukoo mmoja na dripu yangu. Jeni ilikuwa haijalala hata siku moja kwa baadhi ya wale wadudu. Dawa yetu nzuri iliua waliolala, ikawaachia mkono wangu walio macho. Kabla ya jua kutua Daktari Kimutai alinitundikia ile dawa kali, figo zijitegemee.

Walinipasua asubuhi. Nilipoamka, nilitazama bandeji kwanza, hata kabla sijamtazama mtu. Ilikuwa fupi upande mmoja. Vidole viwili vimekwenda, na nyama ya pembeni, lakini kiganja kilikuwepo, na dole gumba likaniitikia nilipolituma. Nililia kwa furaha, sijui kama kuna mtu ameshawahi kufurahia vidole vitatu hivyo.

Ruwayda alirudi baadaye na habari. Walikuwa wameenda Chepsaita kuchukua maji ya bwawa na kinyesi cha kuku. Jeni iliyoamka waliikuta bandani, wakaikuta majini, ni ile ile ya mkononi mwangu. Akataka kumweleza Waiyego.

"Usimwambie," nikasema. "Nakuomba, mwanangu. Hatakuja kulala tena."

"Mzee, asipojua ataendelea kuwapa."

Nikasema nitamwambia mwenyewe. Nilidhani nitapata wakati. Lakini Waiyego aliingia jioni hiyo akiwa na haraka, akasema kuku wameanza kukohoa, amemwachia jirani yetu Brigid ule unga, awape mara mbili ili wapone upesi, naye apate nafasi ya kukaa na mimi.

Basi nikamwambia. Yote: unga, mbao, maji, mkono. Nilisema kwa upole hadi sauti yangu nikaiona ngeni. Alisikiliza akiwa amesimama. Akatoa simu, akampigia Brigid, akamwambia asiwape kuku chochote. Kisha akaitazama bandeji.

"Ni mimi," akasema.

"Ni wadudu, Mama Njenga."

"Nigombeze."

Nikafungua mdomo. Hakukuwa na kitu ndani. Nilimtafutia neno moja kali, mimi, mimi ambaye humfokea jogoo, nikakosa. Nilichokuwa nacho ni huruma tu.

"Baba Njenga, nigombeze, tafadhali. Ukininyamazia hivi nitajua hutanisamehe."

Nikavuta pumzi na nguvu zote zilizobaki.

"Na hivyo viatu!" nikafoka, wodi nzima ikageuka. "Viatu gani hivyo unaniletea hospitalini? Matope yote ya Chepsaita umeyabeba hadi hapa! Huoni watu wamepiga deki?"

Viatu vyake vilikuwa safi kabisa. Aliviangalia, kimoja kisha kingine, akakaa kitandani kwangu akaanza kulia, na mimi nikaendelea kumfokea juu ya viatu, machozi yakinitoka, hadi akaegemeza kichwa begani mwangu.